Tulingoja Viatu, Ukatuletea Miguu

Dada Nyambura mpendwa,

Uliniambia niandike. Nilipokupigia simu Jumapili iliyopita na kuanza kukuuliza kama niende au nisiende, ulinikatiza. Ulisema huko Lodwar, unakofanya kazi siku hizi, mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, na kwamba swali kama langu halijibiwi kwa simu. "Andika kwanza unachoogopa," uliniambia. "Ukimaliza, usome mwenyewe kabla hujanitumia." Kisha simu ikakatika, na mpaka leo sijui kama ni wewe uliyeikata au ni mtandao.

Basi ninaandika. Nimeiacha barua hii wazi, aisome yeyote anayetaka, kwa sababu hapa mtaani Kiganjo pekee wako vijana kadhaa waliopata nafasi katika vyuo vya nje, na wote wanaonekana majasiri kuliko mimi. Labda yumo mmoja anayejifanya.

Jambo lenyewe unalijua, lakini nalieleza kwa ajili yao. Nimepata ufadhili wa kwenda kusomea usafishaji wa maji Uholanzi. Natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Ujumbe wao nimeusoma hadi nimejua mahali walipokosea nukta. Kila nikifika pale pa kukubali, naufunga, naweka simu mfukoni, na kujiambia kwamba mtu mwangalifu hafanyi mambo kwa haraka.

Nilipoanza kutafuta pa kuanzia hofu yangu, nilijikuta nakufikiria wewe. Sijamjua mtu mwingine aliyekwenda mbali hivyo na kurudi, nikamwona kwa macho yangu akienda na nikamwona akirudi. Kwa hiyo nivumilie. Nitakukumbusha mambo ambayo ulikuwepo yakitokea, kwa sababu sidhani kama uliwahi kuyaona kutoka upande wangu.

Nilikuwa kidato cha pili ulipoondoka kwenda Ujerumani kusomea utengenezaji wa viungo bandia. Mtaani hakuna aliyejua hiyo ni kazi gani. Mama aliwaambia wenzake sokoni kwamba unasomea mambo ya hospitali, wao wakaelewa udaktari, naye hakuwasahihisha. Ulikuwa ukitupigia Jumapili, tukiwa tumetoka kanisani. Mama aliuliza kama umekula. Mimi niliuliza kuhusu theluji. Wewe uliuliza mambo ambayo yalinishangaza. Yule fundi cherehani wa kona bado anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya pua? Nani anakalia benchi la kioski siku hizi? Mara moja uliniomba nitoke nje na simu, nisiseme kitu, niishike tu hewani. Nikasimama mbele ya geti kama mpumbavu huku bodaboda zikipita, mama mmoja akigombana na muuza makaa, na kuku wa jirani akilalamika juu ya yai lake. Nikarudisha simu sikioni. Kisha ukasema, "Miaka yote niliyokaa hapo sikuwahi kujua kuna kelele."

Ni katika simu moja ya aina hiyo uliponieleza juu ya mtu wa kituo cha basi. Ulimwona siku zako za mwanzo huko: mwanamume wa makamo, amevaa kaptura, mguu mmoja wa nyama na mwingine wa chuma, anasoma gazeti. Ulisema hukushangazwa na ule mguu. Kilichokushangaza ni kwamba hapakuwa na mtu aliyeutazama ila wewe. Ukaanza kujiuliza watu kama huyo kwetu wako wapi. Ukawakumbuka: yule mwalimu mstaafu aliyegongwa na lori, yule binti wa nyumba ya nyuma ambaye tulimsikia akicheka lakini hatukumwona akicheza. "Wako ndani, Gitau," uliniambia. "Wote wako ndani ya nyumba, na sisi tulikuwa tukipita mlangoni."

Nafikiri siku hiyo ndipo ulipojua unasomea nini, ingawa ulikuwa umeshaanza kusoma.

Kisha ukarudi. Mama alifua vitambaa vyote vya makochi. Aliazima viti vya kanisa. Mjomba Karanja alikuja kutoka Gatundu akiwa amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali. Tulikula pilau, tukaomba, tukala tena, kisha ikafika ile saa ambayo kila mtu aliingoja bila kuitaja, saa ya kufungua sanduku kubwa. Kwetu mtu hatoki Ulaya mikono mitupu, na mjomba alikuwa amekutumia saizi ya kiatu chake, tena zaidi ya mara moja, asije akasahaulika. Ulijaribu kusema sanduku lile lingoje kesho. Yeye alikuwa ameshapiga magoti na kufungua zipu.

Juu zilikuwa nguo zako. Chini ya nguo zilikuwa nyayo. Nyayo za watu, za plastiki, za rangi ya waridi iliyopauka, za kushoto na za kulia, za wakubwa na za watoto, zimepangwa kisigino kwa vidole kama samaki sokoni. Chuo chako kilikuwa kinataka kuzitupa, nawe ukaziomba. Mjomba alishika moja, akaigeuza, akaipima kando ya mguu wake kama mtu ambaye bado hajakata tamaa kabisa. Jirani yetu Mama Shiru ndiye aliyetuokoa.

"Haiya," alisema, "sisi tulingoja viatu, ametuletea miguu."

Nyumba nzima ilicheka. Wewe ulicheka kuliko wote, hadi ukafuta machozi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu nawe, na niliona mkono wako mmoja ukizifunika zile nyayo kwa sweta, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Maneno ya Mama Shiru yalitoka kwenye kikao kile yakatembea mtaani kwa miguu yao. Ukaitwa fundi wa miguu. Kioskini walikuwa wakisema, seremala wa Ulaya amepita. Mjomba alimwambia Mama, nikisikia, kwamba mtu akienda mbali hivyo angalau angerudi na gari. Wewe ulikuwa umepata chumba nyuma ya kliniki moja ndogo mjini Thika, na jioni ulirudi nyumbani umejaa plasta nyeupe, ile ya kuchukulia umbo la mguu, hadi kwenye nyusi, kama mtu anayefanya kazi katika kinu cha unga. Zile nyayo za waridi ulizipaka dawa ya viatu ya kahawia, ukazifuta, ukazipaka tena, hadi zikaanza kufanana na watu wa kwetu. Nilikuwa nakuonea huruma, dada. Nilikuwa pia nakuonea haya, kidogo, nikiwa na wenzangu. Nilikuwa mtoto, lakini si mtoto sana.

Kisha kulikuwa na ule mwendo wako. Ulikuwa umejifunza kutembea kwa kasi. Ulitoka getini na kufika barabarani kabla watu hawajamaliza kusema habari. Mama Shiru alikuja kumshtakia Mama. "Huyu mtoto wako siku hizi anapita kama ambulensi," alisema. "Tunakimbia pembeni." Mama alikwambia jioni hiyo, kwa upole, akikata mboga. Nilijua ungejitetea, kwa sababu wateja wako walikuwa wakikungoja tangu asubuhi na ulichukia kuwachelewesha. Badala yake ulisema Mama Shiru ana haki. Ukasema, "Kule nimejifunza kutomchelewesha mtu. Hapa nililelewa nisimpite mtu. Yote mawili yanataka muda, basi nitaamka mapema."

Nawe ukaamka mapema. Kulipopambazuka ulikuwa tayari njiani ukisalimia benchi zima la kioski, mmoja mmoja, ukiuliza kuhusu ng'ombe na mitihani na magoti, na bado ulifungua karakana yako kabla ya mtu wa kwanza kufika. Nimekutana na watu wengi waliosoma ambao wameamua kuwa upande mmoja. Wengine wanakuwa Wazungu kwenye foleni ya benki. Wengine wanaona haya kwamba waliwahi kuondoka, wanaongea kana kwamba hawajawahi kuvuka mto Chania. Wewe hukuchagua upande. Ulipunguza tu usingizi. Siku ile sikuelewa nilichokiona. Leo nikikiandika naona ni kitu kikubwa, na sijui kama mimi nitakiweza.

Lakini nikitaka kumweleza mtu dada yangu ni nani, huwa simwelezi hayo. Namweleza habari ya Shosho Wairimu.

Shosho Wairimu, nyanya wa mtaa mzima, alikuwa mjane aliyechuma kahawa maisha yake yote katika mashamba ya upande wa Ruiru. Ugonjwa wa sukari ulipompata, alikatwa mguu mmoja chini ya goti, akarudi kukaa karibu nasi, kwenye kishamba chake cha sukuma wiki na maharagwe. Ulimtengenezea mguu. Ulikuwa mguu wako wa kwanza wa maana tangu urudi, na uliufanyia kazi kama mtu anayeandika mtihani. Ulikuwa na vidole vilivyochongwa kimoja kimoja. Ulikuwa na rangi yake hasa. Alipouvaa kanisani na kutembea hadi mbele bila magongo, akina mama walipiga vigelegele, mchungaji akakuita usimame, na Mama Shiru aliyekuwa nyuma yangu akasema kwa sauti kwamba yeye tangu mwanzo alijua.

Baada ya muda, siku ya Jumatano, ulikwenda kumkagua. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikubebea begi. Tulimkuta kishambani akipalilia, gongo kwapani, jembe mkono mmoja, anaruka kutoka tuta hadi tuta kama ndege aliyeumia. Mguu wako haukuwepo. Uliuliza uko wapi. Akatuongoza ndani kwa fahari. Ulikuwa juu ya kabati, umefungwa kwa leso safi, kando ya vile vikombe vya maua ambavyo havijawahi kuona chai.

"Hiyo ni ya kanisa, mwanangu," alikwambia. "Na ya harusi, kukiwa na harusi. Nikiivaa kwa matope si itaisha?"

Nilikuangalia uso. Nilidhani utakasirika, kwa sababu nilikuona ulivyokuwa ukikesha na ule mguu, na sasa ulikuwa umekuwa pambo. Ukaketi kwenye ukingo wa kitanda chake. Ukanitazama, nikakutazama, na najua sote wawili tuliona kitu kimoja: kabati la Mama, na zile sahani ambazo tangu tuzaliwe tunazifuta vumbi na hatujawahi kuzilia chakula. Ukaanza kucheka. Ulicheka hadi Shosho naye akacheka, bila kujua anacheka nini. Kisha ukaacha kucheka, ukamshika mkono, ukamwomba akueleze siku yake ya Jumatatu, kuanzia kuamka.

Akakueleza. Jinsi anavyoinama kuwasha jiko. Choo kilipo, na anavyochutama. Kishamba kinavyoteremka, na tope linavyovuta. Gambuti la mpira analovaa mguu wake mzima. Mahali anapopiga magoti. Ulisikiliza ukiangalia sakafu, na hukuandika chochote. Tulipokuwa tukirudi ulisema kule ulifundishwa na watu wazuri sana, watu waliojua kila mfupa. Lakini hapakuwa na mmoja kati yao ambaye angeweza kukufundisha kwamba mtu wa kwetu akipata kitu kizuri anakiweka. Ulilijua hilo kabla hujaondoka, ukasema. Ulilijua kwa sababu umefuta sahani. Ila hukujua kwamba ni sehemu ya kazi.

Mguu wa pili uliomtengenezea ulikuwa mbaya. Samahani, dada, lakini ulikuwa mbaya. Mweusi, hauna vidole, soli imekatwa kutoka tairi kuukuu, umbo lake limenyooka ili uingie kwenye gambuti na kutoka, na uoshwe bombani kama sufuria. Shosho aliupokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akaugeuzageuza.

"Hii ni mbaya," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Shosho," ulimjibu. "Ni mbaya ili uiharibu."

Akauharibu. Miezi michache baadaye soli ilikuwa imekwisha, na wewe uliishika ile soli iliyolika ukaionyesha kwa kila aliyeingia karakanani, kwa furaha kuliko ulivyowahi kutuonyesha cheti chako. Tangu hapo hukuwahi kumpima mtu kabla ya kumuuliza Jumatatu yake. Watu walianza kuja kutoka Juja, kutoka Mwiki, kutoka kwenye zile nyumba ambazo tulikuwa tukipita mlangoni. Yule binti wa nyumba ya nyuma sasa namwona akienda dukani, na watu wanamtazama kidogo, kisha wanachoka kumtazama. Nakwambia hilo la kuchoka kwa sababu najua ndilo ulilokuwa ukilitaka.

Niliwahi kukuuliza kwa nini ulirudi. Ulikuwa ukiosha plasta mikononi, na nilitarajia jibu zuri, la kuwekwa kwenye hotuba. Uliniambia ulipenda kule. Ulipenda kimya chake asubuhi, mto uliopita karibu na bweni, mikate yao, na kwamba hakuna aliyekuuliza utaolewa lini. "Usimwamini anayerudi akikwambia hakupenda," ulisema. Walikupa kazi ubaki, nawe ulilala nayo ukiipenda. Kilichokurudisha ni jambo dogo: kule ungetengeneza miguu ya watu ambao wakikukosa wewe watampata mwingine kabla ya chakula cha mchana. Ukafunga bomba. Hukuniambia kwamba hilo ndilo jibu sahihi kwa kila mtu, na mpaka leo nakushukuru kwa kutoniambia.

Sasa nije kwangu. Unajua nilimaliza chuo pale Juja, sayansi ya maji, na nikatafuta kazi hadi nikapata hii ya ukarani. Kampuni yetu ni ndogo, inachimba visima na kuuza maji kwenye ploti za nyumba za kupanga huko Mwiki. Mimi nakaa dirishani. Watu wanakuja kulalamika kwamba maji yana chumvi, birika zinaota ukoko mweupe, sabuni inakwisha na nguo bado ni chafu. Nawasikiliza hadi mwisho. Nina sentensi moja ambayo nimeisema mara nyingi hadi midomo inaifanya peke yake: tumepokea, tutafuatilia. Na ninajua, dada. Ninajua kilicho kwenye yale maji, naweza kukiandika kwa alama zake. Nisichokijua ni namna ya kukitoa kwa njia ambayo ploti ya watu wa kawaida inaweza kuimudu. Huko ninakoalikwa wanajua kutoa karibu kila kitu kwenye maji.

Kuna mama mmoja wa kufulia watu nguo ambaye huja mara kwa mara. Amenizoea, ananiita kijana wangu. Wiki jana nilimweleza tena, kwa heshima zote, kwamba tumepokea na tutafuatilia. Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Kijana wangu, una adabu nzuri," alisema. "Lakini adabu haitoi povu."

Aliondoka, na mimi nikabaki nikipanga kalamu zangu.

Kwa hiyo usidhani sijui kwa nini nataka kwenda. Ninaogopa tu, na uliniambia niandike ninachoogopa. Naogopa baridi na lugha, lakini hizo ni hofu za kuonyesha wageni. Naogopa kurudi na maarifa yaliyotengenezwa kwa sakafu laini, nisimame mbele ya yule mama na kitu kizuri ambacho atakiweka kabatini. Naogopa mjomba Karanja na saizi yake ya kiatu. Wewe ulichekwa na ukacheka nao. Mimi nikichekwa nalala njaa. Naogopa kwamba wewe ulikuwa jasiri na watu wanadhani ujasiri ni wa ukoo.

Na hofu iliyo chini ya zote, ambayo sijamwambia mtu, ni kwamba nitapapenda. Nitaamka siku moja kwenye kile kimya cha asubuhi, nitatulia, nitagundua kwamba siogopi tena, na hapo ndipo nitaanza kutafuta sababu za kutorudi. Mimi si kama wewe. Najua jinsi ninavyopenda mahali ambapo hakuna anayenipigia kelele dirishani.

Hayo yote niliyaandika juzi, na nimeyasoma kama ulivyoniagiza. Nimeona kitu ambacho labda ulijua nitakiona. Kila hofu niliyoiandika ni ya mtu aliyekwishaondoka. Hakuna hata moja ya kubaki. Nilipojaribu kuandika jinsi nitakavyokuwa nikibaki, niliona lile dirisha, na ile sentensi, na kalamu zilizopangwa vizuri, na nikaogopa kuliko mahali pote pengine.

Basi jana nilimwambia Mama. Alikuwa uani akichambua mboga za kupeleka kibandani. Nilianza kwa mbali, kama kawaida yangu, nikazungumzia elimu kwa jumla. Aliniacha nizunguke. Kumbe alijua. Mama Shiru alishamwambia. Huyo naye aliambiwa na nani, Mungu ndiye ajuaye.

"Baba," aliniita, kama anavyoniita tangu nizaliwe kwa sababu ya jina la babake nililolibeba, "nilikuwa nakungoja uniambie mwenyewe."

Nikamwambia naogopa. Nilimwambia hivyo tu, bila kupamba. Hakuacha kuchambua. Alisema, "Mimi huogopa kila asubuhi. Mvua, askari wa kanjo kutufukuza, mboga kuoza. Kila asubuhi naogopa na nafungua kibanda." Kisha akaniambia nimpe lile karai la maji.

Leo, saa ya chakula cha mchana, nikiwa ofisini, nimekubali. Nilisoma masharti yote tena kwanza. Baada ya hapo nilirudi dirishani, na mtu wa kwanza aliyelalamika nilimuuliza, kabla ya kitu kingine chochote, Jumatatu kwao hufua wapi na hukingia maji kwenye nini. Alinishangaa. Lakini aliketi, akanieleza.

Sasa nina ombi moja, na ndilo ambalo nisingeweza kulisema kwa simu.

Najua utataka kuja kunisindikiza uwanja wa ndege. Usije. Siku hiyo nyumba itajaa watu, kutakuwa na maombi na picha, mjomba atavaa koti, na Mama hatapata nafasi hata ya kukaa. Hiyo si siku ngumu. Wewe huijui siku ngumu kwa sababu ulikuwa ndani ya ndege. Mimi naijua, nilibaki nayo.

Ulipoondoka, Mama alikuwa sawa siku zote za wiki. Alikwenda sokoni, akarudi, akapika. Ikafika Jumamosi. Unakumbuka kwamba Jumamosi alasiri ndiyo ilikuwa saa ya kukusuka, wewe kwenye stuli ndogo ya mlangoni, yeye nyuma yako. Saa hiyo ilipofika alileta stuli, akaleta kitana na mafuta, akaketi. Nafikiri alikuwa ameketi kabla hajakumbuka. Nilikuwa nikisoma karibu hapo. Hakuviondoa vile vitu. Aliniita. Nikaenda nikakaa kati ya magoti yake, kijana wa kidato cha pili mwenye nywele za kunyolewa za shule, zisizoweza hata kushikwa kwa vidole. Akazichana. Alizichana kwa muda mrefu sana, akazigawa mistari ambayo haikuwepo, akapaka mafuta katikati ya mistari. Nami sikugeuka kumwangalia. Sijawahi kumwambia mtu, wala yeye hajawahi kuitaja.

Kwa hiyo omba likizo yako mapema, dada, na ungoje mimi niondoke. Uje Ijumaa ya wiki ile. Jumamosi alasiri uwe umeketi kwenye stuli. Najua ulizikata nywele zako huko Ujerumani na ukazoea, na huko Lodwar na joto lile hutaki kusikia habari za kuzifuga. Keti hivyo hivyo. Mwache achane.

Ni mimi mdogo wako, ninayeogopa na ninayekwenda,

Gitau